Kanta Iliyobaki Kwenye Orodha

Kwa miaka minne, kila siku ya kazi, Ishak Jalal alifungua nusu ya mlango wa duka lake saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, akatoa kiti cha plastiki na ubao wa kubania karatasi, akaketi ukingoni mwa barabara. Duka ni la jumla: unga, mchele, sukari na mafuta ya kupikia. Liko katika barabara nyembamba nyuma ya soko mjini Nakuru. Mbele yake pamechorwa mistari ya manjano yenye urefu wa lori moja, na hapo ndipo mahali pekee katika barabara hiyo ambapo gari la mizigo linaruhusiwa kusimama na kupakua, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Gari likikutwa hapo nje ya saa hizo, au bila kibali, askari wa kaunti, ambao watu huwaita kanjo, hulifungia gurudumu kwa chuma.

Kibali hicho hakikuwa cha mtu mmoja. Wenye maduka walikiomba kama kundi. Kilikuwa na nafasi sita, kila nafasi ya gari moja lenye namba yake na stika yake kwenye kioo, na kila gari lilipewa nusu saa. Mwezi wa Juni kila mwaka mtu mmoja alitia sahihi kwa niaba ya wote kwamba magari yale sita yapo na yanafanya kazi. Mtu huyo alikuwa Ishak.

Alichaguliwa bila kura. Wenzake walijua alivyo. Wakati mmoja dereva wa lori la sukari alifika nje ya zamu yake, akamshushia Ishak gunia moja la zawadi ili apishwe. Ishak aliwaita wabebaji wote waje watazame, kisha akamwambia dereva alibebe gunia lile mwenyewe, mgongoni, alirudishe juu ya lori. Siku nyingine alimfukuza mpwa wake mwenyewe kwa kuchelewa dakika nane. Mtu wa namna hiyo hupata maadui wachache na heshima nyingi, na heshima nyingi ina hatari yake: watu huacha kumwangalia mikono.

Ishak alizaliwa Nakuru, mtaa wa Bondeni. Babu yake alitoka Mombasa akiwa mpishi kwenye gari la moshi, akashuka hapa, akaoa hapa, hakurudi pwani ila kwa mazishi. Baba yake aliuza mafuta ya taa kwa kikombe. Ishak mwenyewe alimaliza kidato cha nne, akaendesha malori ya watu, kisha akanunua kanta yake, lori dogo la rangi ya buluu ambalo lilikuwa limekwisha kutumika kwa miaka mitano kabla halijamfikia. Kwa kanta hiyo alipeleka unga Njoro, Molo na hadi Olenguruone kwa miaka kumi na tisa. Iliwasomesha watoto wanne na ikafungua duka. Kundi lilipoanza kuomba kibali, Ishak aliandikisha magari mawili: pikapu yake, iliyopewa zamu ya kwanza ya saa kumi na mbili, na kanta, iliyopewa saa moja hadi saa moja na nusu.

Kibali kilipofikisha miaka miwili, injini ya kanta ilianza kula oili kuliko dizeli, na Ishak akaiuza kwa mwenye bucha mmoja wa Kikopey, kule barabarani karibu na Gilgil ambako wasafiri husimama kula nyama choma. Kanta ikaenda. Namba yake ikabaki kwenye orodha.

Katika barabara ile hakuna aliyeuita huo uongo. Waliuita kushikilia nafasi. Ilikuwa kama desturi ya foleni ya maji mtaani, ambapo mtu huacha mtungi wake kwenye mstari akaenda nyumbani kupika, na walio nyuma husukuma mtungi wake mbele pamoja na yao. Gari la mtu likifa au likiuzwa, namba yake iliachwa hadi atakapopata jingine, kwa sababu nafasi ikishaachwa, kuipata tena kulichukua muda mrefu. Mwana wa Ishak, Ubaid, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alikuwa amesema atanunua kanta nyingine mambo yakinyooka. Miaka miwili ikapita yakiwa hayajanyooka. Juni ilipofika, mara mbili, Ishak alitia sahihi kwamba magari sita yapo na yanafanya kazi.

Nusu saa ile haikulala bure. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Kahiga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye akazoea kuleta lori lake la saruji saa moja badala ya saa moja na nusu. Saruji ni mzigo wa polepole. Kahiga akawa na saa nzima, Ishak akawa na nafasi yake iliyohifadhiwa, na kila mmoja akaridhika.

Mwezi wa Aprili mwaka jana akaja Wangare.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne kutoka Lanet, na alikodi duka dogo, la nne kutoka lile la Ishak. Aliuza mayai. Hakuwa na kuku hata mmoja. Aliuza kwa niaba ya wanawake kumi na mmoja wa Lanet waliofuga kuku nyuma ya nyumba zao, ambao walikuwa wamechoka kunyonywa na madalali. Walikubaliana yeye apate duka mjini, nao wampe mayai yote. Siku ya tatu alikuja kwenye kiti cha Ishak.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri, mama. Karibu. Unga ama mchele?"

"Leo si kununua. Nimekuja juu ya hii mistari ya manjano. Naskia wewe ndio mwenyewe."

"Mwenyewe ni kaunti. Mimi nashika karatasi tu."

"Basi mwenye karatasi, nipatie nafasi. Niko na pikapu moja. Dakika ishirini nimeshusha trei zangu, nimeenda."

Ishak aliangalia ubao ingawa alijua kilichoandikwa. "Imejaa, mama. Magari ni sita, na sita ndio mwisho."

"Hata nusu ya nusu saa?"

"Kibali hakijui nusu ya nusu."

"Haya. Lakini mtu akitoka, mimi ndio wa kwanza, sindio?"

"Wewe ndio wa kwanza," akasema Ishak.

Alikuwa amesema uongo, tena bila kusitasita, kwa sababu hakuhesabu kuwa ni uongo. Mwongo anayejijua huchagua maneno. Ishak hakuwa na haja ya kuchagua. Karatasi ilisema sita, naye akasema sita.

Kwa hiyo pikapu ya Wangare ikawa inasimama uani kwa mtu, barabara mbili mbali, na mayai yakaletwa kwa mkokoteni. Mvuta mkokoteni aliitwa Odongo, mtu mpole mwenye mabega mapana. Lakini kati ya ua ule na duka kulikuwa na matuta mawili, mtaro uliofunikwa kwa mawe, na kipande cha lami kilichochimbuka. Odongo alipita polepole, akanyanyua gurudumu, akazunguka mashimo. Bado kila asubuhi trei za chini zilifika zimelowa.

"Odongo, leo umeua kuku wangapi?" Wangare aliuliza siku moja, akitenga yaliyopasuka kwenye ndoo.

"Mathe, mimi huvuta tu. Sikutaga."

"Ungetaga ungekuwa na huruma."

"Ningetaga singevuta mkokoteni," akasema Odongo, na wabebaji wa barabara nzima wakacheka.

Wangare naye alicheka. Yaliyopasuka aliwauzia wapika keki kwa bei ya kutupa. Lakini wanawake wa Lanet hawakucheka walipopokea kilichobaki. Kufikia Mei wawili kati yao walikuwa wamesema watarudi kwa madalali, na mwenye nyumba alitaka jibu kabla ya Juni kuisha: anaendelea na duka au anatoka. Wangare alijua kwamba mambo yakiendelea hivyo atatoka.

Kitu kimoja alikuwa amekiona. Saa moja asubuhi, kabla lori la saruji halijafika, mara nyingi mistari ya manjano ilikuwa tupu kwa dakika kumi, hata kumi na tano. Jumanne moja alimwambia dereva wake asimame hapo. Walikuwa wameshusha trei thelathini Kahiga alipofika na lori lake, akakuta pikapu imemzibia.

"We mama! Hapa umefikiria ni Lanet, kila mtu anaegesha mbele ya choo yake?"

"Dakika tano tu, boss. Nimemaliza nusu."

"Nusu gani? Stika yako iko wapi?"

Kelele ile iliwaleta kanjo wawili waliokuwa wakipita. Waliangalia kioo, hawakuona stika, wakafunga gurudumu. Hawakukosea, ndiyo kazi yao. Pikapu ilikaa hapo hadi saa tisa alasiri, trei mia moja na sitini juani, kwa sababu Wangare alipojaribu kuzishusha Kahiga alisema wazi kwamba hapo ni zamu ya watu wenye kibali, na baada ya saa tatu kupakua hakukuruhusiwa tena.

Ishak alikuwa ameketi kwenye kiti chake wakati wote huo. Wangare alimgeukia.

"Mzee, niambie. Hii saa moja ni ya nani?"

"Ina mwenyewe."

"Mbona haji?"

"Atakuja. Na hata asipokuja, mama, chake ni chake. Sheria ni sheria."

Aliyasema hayo mbele ya wabebaji, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa dereva wa sukari.

Juni ilipoingia, Ishak alikwenda Naivasha kumzika binamu yake. Akirudi, alisimamisha pikapu Kikopey kunywa chai. Hakuwa amepanga kumtafuta mtu, lakini mwenye bucha aliyenunua kanta, Kipkemoi, alimwona kutoka kwenye jiko lake.

"Mzee wa kanta! Ulipotea! Njoo nyuma huku umsalimie bibi yako wa zamani."

Alimpeleka nyuma ya bucha, walikopanga magunia ya makaa. Kanta ilikuwa hapo, imekaa chini kwa tumbo. Magurudumu hayakuwepo. Boneti haikuwepo, wala injini. Nyuma, palipokuwa pakipangwa magunia ya unga, pamezungushiwa wavu, na ndani walikuwa wamesimama mbuzi saba wakitafuna.

"Injini niliuza Gilgil mwaka juzi," Kipkemoi alieleza. "Magurudumu yako kwa gari la punda. Lakini bodi, mzee, bodi ni nzuri. Fisi hawezi kuingia."

"Naona."

"Na ngoja nikuonyeshe kitu." Kipkemoi aliinama kwenye kioo cha mbele, akakifuta vumbi kwa kiganja. Stika ilikuwa bado imeshika, imepauka. Akasoma kwa sauti kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani: "Ruhusa ya kupakua mizigo, jiji la Nakuru. Saa moja hadi saa moja na nusu. Unaona? Mbuzi wangu wana kibali! Siku moja nitawaleta, uwape zamu."

Kipkemoi alicheka hadi akashika wavu. Ishak alitabasamu kwa adabu, akamaliza chai yake, akaondoka.

Njiani hakuwasha redio. Kwa miaka miwili alikuwa ametia sahihi kwamba banda la mbuzi la Kikopey lipo Nakuru na linafanya kazi. Hivyo ndivyo jambo lilivyokuwa, likivuliwa jina lake la mtaani la kushikilia nafasi. Hata hivyo hakufanya chochote siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Lazima hilo lisemwe. Mtu anaweza kuuona ukweli mchana kweupe na bado akaenda kulala.

Siku ya nne Wangare alikuja dukani. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na sauti ya mtu anayefunga hesabu.

"Mzee, nimetoka ofisi ya maegesho. Nimewaambia nimeona nafasi ya saa moja iko wazi. Yule mama wa vibali, Mugure, amefungua faili yenu, ameangalia, ameniuliza nani amesema imejaa. Nikamwambia ni wewe."

"Akasemaje?"

"Akafunga faili. Akaniambia, 'Kama Mzee Ishak amesema imejaa, imejaa. Huyo siwezi kutuma mtu kumhesabia.' Kwa hivyo nimekuja tu kukuambia asante kwa kunisikiza, juu wengine hapa hawasalimii. Mwisho wa mwezi natoka."

Wangare aliagana naye, akaenda kupanga trei.

Adhuhuri ile Ishak alikwenda nyumbani kula, akakaa mbele ya sahani bila kuigusa. Mkewe, Sumeya, aliyekuwa ameishi naye miaka thelathini na moja, alimwangalia mara moja tu.

"Baba Ubaid, chakula kina nini?"

Akamweleza yote, kutoka mauzo ya kanta hadi mbuzi. Sumeya alianza kucheka alipofika kwa mbuzi, kisha akaacha.

"Na huyu mama wa mayai anatoka kwa sababu ya hiyo?"

"Anatoka."

"Yule dereva wa sukari ulimbebesha gunia mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Basi hili lako utalibeba mbele ya nani? Ama lako ni la kubebea ndani ya nyumba?"

Ishak akasukuma sahani. Kesho yake, maduka yalipofungwa, aliwaita wenzake wanne wa kibali dukani kwake. Walikaa juu ya magunia ya mchele. Aliwaambia kwamba ataondoa kanta kwenye orodha, nafasi apewe Wangare, na kwamba ataandika barua kueleza kuwa sahihi zake mbili zilizopita zilikuwa za uongo.

La kwanza halikuwasumbua. La pili ndilo lililomfanya Kahiga asimame.

"Ngoja, ngoja. Toa hiyo namba, weka ya mama mayai, sawa. Mimi nitabanana na nusu saa yangu. Lakini barua ya nini?"

"Kwa sababu nilitia sahihi."

"Nani amekuuliza? Renewal ni wiki ijayo, unaandika namba mpya, maneno kwisha! Ukiandika barua, watakuja kukagua kila gari. Wewe ujisafishe, sisi tupakwe matope?"

"Gari lako lina matope gani, Kahiga?"

Ilijulikana baadaye kwamba lori la Kahiga lilikuwa bado kwa jina la shemeji yake. "Sisemi langu," alisema. "Nasema wewe tulikuchagua utulindie hii nafasi, si uichome. Wakitunyang'anya, wabebaji kumi na wawili wataenda wapi? Umefikiria hao?"

Lilikuwa swali la haki, na Ishak alikuwa amelifikiria. Alijibu polepole. "Nimefikiria. Ndiyo maana barua ina jina langu peke yangu. Lakini kama kibali kinasimama kwa uongo wangu, basi hakikusimama. Kitaanguka tu siku nyingine, na siku hiyo hakutakuwa na mtu wa kusema ni mimi."

"Maneno ya msikitini hayo," akasema Kahiga, akavaa kofia yake. "Sisi tuko barabarani."

Aliondoka bila kuaga. Wale wengine watatu walibaki kidogo, wakasema afanye anavyoona, wakaondoka pia.

Ofisi ya maegesho iko orofa ya pili. Ishak alifika asubuhi, akapanga foleni kama watu wengine ingawa mlinzi alimwambia apite. Mugure alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwona akatabasamu.

"Mzee Ishak! Mwaka huu umewahi. Unarenew?"

"Nimekuja kusahihisha."

Akaweka mezani fomu mpya na barua. Barua ilikuwa na mistari saba. Ilisema kanta iliuzwa tarehe fulani, kwamba tangu hapo haijawahi kuingia Nakuru, kwamba yeye alijua hivyo alipotia sahihi mara ya kwanza na ya pili, na kwamba mfanyabiashara mmoja, ambaye jina lake aliliandika, alinyimwa nafasi kwa sababu hiyo. Mugure aliisoma, akavua miwani, akaivaa, akaisoma tena.

"Mzee, hii fomu peke yake ingetosha. Namba ya zamani imetoka, ya mama imeingia. Nisingeuliza kitu."

"Najua. Nilifikiria hivyo kwenye ngazi."

"Sasa mbona?"

"Huyu mama ulimwambia hapana kwa jina langu. Nikibadilisha namba kimya kimya, atadhani mtu fulani ametoka kwa wema wake. Atakuja kunishukuru. Hiyo shukrani nitaiweka wapi?"

Nyuma ya Ishak, watu kwenye foleni walianza kukohoa.

"Ukiniachia hii barua siwezi kuiweka kwa droo. Nikiipokea nimeipokea. Kuna adhabu."

"Piga muhuri."

Akapiga.

Adhabu ilikuja baada ya siku nane. Magari yote ya kundi yalikaguliwa. Lori la Kahiga lilisimamishwa hadi abadilishe jina kwenye karatasi, akazunguka ofisi mbalimbali kwa siku sita huku saruji yake ikipakuliwa kwa shida. Kundi halikunyang'anywa kibali; lilipewa onyo la maandishi. Ishak alivuliwa haki ya kutia sahihi, na pikapu yake ikazuiwa kutumia mistari ya manjano kwa miezi mitatu. Ubao ulikwenda kwa Kahiga, kwa kuwa ndiye aliyebaki ambaye wabebaji walimwogopa. Nafasi ya saa moja ikaandikwa namba ya pikapu ya mayai.

Wangare alipewa stika siku nne kabla ya Juni kuisha. Alimlipa mwenye nyumba kodi ya mwezi uliofuata, kisha akatembea hadi duka la Ishak akiwa na nakala ya barua mkononi. Mugure alikuwa amempa, kwa kuwa ilimtaja.

"Ni kweli hii, mzee?"

"Ni kweli."

"Siku ile kanjo wamenifunga, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniambia sheria ni sheria."

"Nilisema hivyo."

Wangare aliikunja karatasi mara mbili, mara nne. "Wanawake wawili walishatoka kwangu. Mmoja ni mama yangu mdogo. Tuliongeleshana vibaya juu ya mayai yaliyopasuka. Nilimwambia anadhani mimi ni mwizi."

"Nitakwenda Lanet nimweleze mwenyewe."

"Utaenda," alisema Wangare. Hakuwa anauliza.

Ishak alikwenda Jumapili iliyofuata, akiwa amevaa kanzu safi, akakaa kwenye benchi uani kwa mama yule kati ya vibanda vya kuku, akaeleza tangu mwanzo. Mama alimsikiliza akiwa bado anachambua mahindi. Mwishoni alimwuliza kama kweli mbuzi wale walikuwa saba. Mama huyo alirudi kwa Wangare mwezi wa Julai. Yule mwingine hakurudi.

Katika miezi ile, pikapu ya Ishak ilisimama uani kule barabara mbili mbali, na unga wake ukaja kwa mkokoteni wa Odongo. Magunia hayapasuki kama mayai, lakini mvua ikinyesha ghafla unga hulowa, na magunia matatu ya unga wa ngano yaliharibika hivyo. Kahiga alikuwa akipita mbele ya duka lake akiangalia upande mwingine. Wateja wawili wakubwa wa mchele walihama kwa sababu walichoka kusubiri mzigo. Mtu yeyote anayedhani kwamba kusema kweli hulipwa papo hapo angeangalia duka lile mwezi wa Agosti.

Mwisho wa mwezi huo Mugure alimpigia simu.

"Mzee, kuna nafasi ya kuomba kupunguziwa adhabu. Mwenye umri wako, tena mtu aliyejitokeza mwenyewe. Mistari miwili tu uandike, mwezi uliobaki unafutwa. Nimeongea na mkubwa, hana shida."

Ishak alikuwa amesimama mlangoni. Odongo alikuwa amefika tu, akivuta pumzi, magunia kumi na mawili juu ya mkokoteni na wingu jeusi limeanza kushuka kutoka upande wa Menengai.

"Mliandika miezi mingapi?" Ishak akauliza.

"Mitatu."

"Basi ni mitatu. Asante, mama. Niache, kuna mzigo."

Akaweka simu mfukoni, akainamisha bega, na Odongo akamwekea gunia la kwanza.